Mlango, Mizani na Kafara: Mbinu za Kifasihi na Swali la Lazima katika Hadithi Fupi ya Kisayansi

Bunilizi ya kisayansi imekaa muda mrefu barazani mwa uhakiki wa Kiswahili bila kukaribishwa ndani. Wahakiki huitaja wanapoigusa riwaya ya Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kufa, huingizwa katika chombo cha angani kilichokusudiwa kumwangamiza, nacho kikamfikisha kwenye ulimwengu ambao jina lake, likikatwa vipande, husema kwamba wale ni sisi. Baada ya kuitaja hupita upesi kuelekea itikadi ya riwaya, kana kwamba chombo chenyewe ni pambo tu, au ganda linalotupwa mara baada ya kokwa kupatikana.

Mtazamo huo una kasoro. Katika utanzu huu mandhari si mahali pa tukio tu. Mandhari ni hoja. Mwandishi anapobuni chombo, hubuni pia mipaka ya yanayowezekana na yasiyowezekana ndani yake, na mhusika anayetenda humo hutenda kati ya kuta ambazo mwandishi ndiye aliyezijenga. Swali la kimaadili la hadithi ya namna hii, basi, haliwezi kutenganishwa na mbinu zake za kifani. Mfano unaolidhihirisha jambo hili waziwazi ni hadithi fupi ya Mmarekani Tom Godwin, "The Cold Equations", iliyochapishwa katika jarida la Astounding Science Fiction mwezi Agosti 1954. Hadithi hiyo ikisomwa pekee yake hubana koo. Ikisomwa kando ya masimulizi ya mwambao wa Homa Bay, huanza kuulizwa maswali ambayo ilijengwa ili yasiulizwe.

Matukio yake ni machache. Rubani Barton anaendesha chombo kidogo cha dharura kuelekea sayari ya Woden, akiwapelekea dawa watu sita wanaougua homa ya kuua. Mafuta ya chombo yamepimwa kwa uzito wa rubani na mzigo wake, wala hayakuongezwa hata kidogo. Barton anagundua kwamba ndani mna mzamiaji. Kanuni inaamuru kwamba mzamiaji yeyote atupwe nje mara tu anapogunduliwa, kwa kuwa uzito wake utakifanya chombo kianguke na kuwaua wote, pamoja na wagonjwa wanaosubiri. Mzamiaji huyo ni Marilyn, msichana wa miaka kumi na minane, aliyejificha kwa sababu anataka kumwona kaka yake anayefanya kazi katika sayari hiyo hiyo, na ambaye alidhani kwamba adhabu yake ingekuwa faini. Barton anapunguza kasi ya kusimamisha chombo kwa muda, anampatia muda wa saa moja hivi, msichana anaandika barua, anazungumza na kaka yake kwa redio, anaingia katika chumba kidogo cha kutokea, na rubani anavuta wenzo.

Godwin anafungua hadithi kwa mshale. Barton hamwoni msichana wala hamsikii. Anachokiona ni mshale mweupe wa kipimo cha joto, ambao umepanda kwa sababu ndani ya stoo mna mwili unaotoa joto. Msichana anaingia katika usimulizi akiwa kipimo kabla hajawa mtu. Nao mwisho wa hadithi unaurudia mshale huo huo, sasa ukiwa umerudi kwenye sifuri. Mzunguko huu si urembo wa muundo. Unamfundisha msomaji, tangu aya ya kwanza, kusoma kwa jicho la mtambo: kabla ya sura kuna kiasi, na kabla ya jina kuna uzito. Msomaji akishakubali lugha hiyo, nusu ya hukumu imekwisha pita.

Taharuki nayo imejengwa juu ya saa. Kwa kawaida taharuki humfanya msomaji aulize iwapo mhusika ataokoka. Hapa Godwin anaiziba njia hiyo mapema, na swali linabaki moja tu: zimesalia dakika ngapi? Tofauti ni kubwa. Taharuki ya kwanza humwachia msomaji kazi ya kutafuta njia, na ya pili humwachia kazi ya kuhesabu tu. Hata huruma ya Barton imegeuzwa kuwa dakika, naye anapotaka kutenda wema hana sarafu nyingine ya kuulipia.

Uchoraji wa mhusika unafuata mkondo huo huo, ingawa kwa ustadi wa aina nyingine. Viatu vya Marilyn ni ndara nyeupe zenye vito vya bandia, vitu vya bei rahisi vya msichana anayejipendezesha. Kwa mbinu rejeshi anakumbuka paka wake mdogo aliyekufa alipokuwa mtoto, na jinsi kaka yake alivyohangaika usiku kumtafutia mwingine ili asijue kwamba wa kwanza amekufa. Kumbukumbu hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika hadithi. Ni kinaya pia: mtoto aliyelindwa dhidi ya kifo cha paka amekutana na kifo chake mwenyewe mahali ambapo hapana kaka wa kwenda kumnunulia maisha mengine. Godwin anakiri kwa kinywa cha rubani kwamba kama mzamiaji angekuwa mwanamume mwenye nia mbaya, kazi ingekwisha kwa dakika chache. Kwa maneno mengine, jinsia na umri wa msichana ni mbinu. Vimewekwa ili machozi yatoke.

Na machozi yanafanya kazi gani? Hapo ndipo penye kiini. Katika hadithi hii machozi hayamsukumi mtu kutenda. Yanamtakasa yule ambaye ameshatenda. Msomaji hulia pamoja na rubani, na kwa kulia naye humwona ni mwema, na kwa kumwona ni mwema huikubali kazi ya mkono wake. Lugha inasaidia. Kanuni imeandikwa katika kauli ya kutendwa: mzamiaji atatupwa. Mtupaji hatajwi. Aidha Godwin anatumia tashihisi kwa namna ya kinyume, yaani kwa kuikanusha: anarudia kwamba sheria za maumbile hazina chuki wala huruma, kwamba hazijui zinamuua nani. Anakumbusha pia kwamba kimbunga ndicho kilichoiharibu dawa ya kundi linaloumwa, nacho hakikukusudia kitu. Lakini kukanusha uso wa kitu ni njia mojawapo ya kukipa uso. Baada ya kurasa chache "maumbile" yamekuwa mhusika mkuu wa hadithi, asiye na moyo na kwa hiyo asiye na hatia, anayebeba mzigo wote wa kifo. Jazanda ya baridi iliyo katika anwani inakamilisha kazi hiyo. Baridi ni ya anga, ni ya hesabu, ni ya kila kitu isipokuwa ya watu.

Watu, hata hivyo, wamo. Mafuta hayakujipima yenyewe. Kuna ofisi iliyoamua kwamba chombo kinachobeba uhai wa watu kisiwe na akiba hata ya kilo hamsini. Kuna mtu aliyeona kwamba mlango wa chombo ambacho kosa lake ni mauti utalindwa kwa kibao cha kukataza tu, bila kufuli wala mlinzi, wala maneno yanayoeleza kwamba ndani mna kifo. Kuna mtu aliyeandika kanuni ya kuwatupa wazamiaji, maana yake alijua kwamba wazamiaji wapo, na akaona ni nafuu kuwatupa kuliko kukagua stoo kabla ya kuondoka. Maswali haya yameulizwa na wasomaji wengi wa utanzu huu. Mwandishi Cory Doctorow, kwa mfano, aliyaandikia makala katika jarida la Locus mwaka 2014. Inafahamika pia kwamba mhariri John W. Campbell alimrudishia Godwin mswada zaidi ya mara moja, kwa kuwa mwandishi aliendelea kubuni njia za kumwokoa msichana. Habari hiyo ya nje ya matini inaeleza mengi ya ndani yake. Lazima iliyomo hadithini ilihitaji kuhaririwa hadi ikawa lazima.

Wapo wanaoitetea hadithi, na utetezi wao si wa kupuuzwa. Katika miaka ile utanzu ulijaa mashujaa wenye werevu, ambao katika ukurasa wa mwisho hupata ujanja wa kuuvua ulimwengu kutoka kwenye mtego. Godwin aliukataa uongo huo. Isitoshe, uhaba si njozi ya waandishi. Daktari mwenye dozi moja na wagonjwa wawili yupo, nahodha wa mtumbwi unaoingia maji yupo, na kumwambia kwamba angetafuta njia nyingine ni kumdhihaki. Hadithi inayothubutu kusema kwamba mara nyingine njia hakuna, ina ukweli wake. Ubishi haupo juu ya kuwepo kwa uhaba. Upo juu ya mahali ambapo hadithi inaanzia. Godwin anaanza baada ya mlango kufungwa.

Masimulizi ya Homa Bay huanza mlangoni. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la kasoko, Simbi Nyaima, lenye eneo lisilofika nusu ya kilomita ya mraba, maji ya magadi na, katika misimu mingine, heroe wengi. Wanajiolojia husema kwamba ni shimo la mlipuko wa volkeno. Jina lenyewe kwa Kijaluo husema habari nyingine: Simbi iliyozama. Katika masimulizi mengi, bibi kizee mgeni alifika kijijini usiku wa baridi, watu wakiwa katika karamu ya pombe na ngoma, akaomba mahali pa kujihifadhi, nao wakamfukuza kwa dharau. Mwanamke mmoja tu alimpokea, akampa moto na chakula. Bibi akamwambia aondoke naye, na aliyetaka kumfuata amfuate. Usiku ule maji yakakimeza kijiji pamoja na ngoma yake. Wasimulizi hutofautiana katika mengi: iwapo mume wa mwanamke yule alikubali kuiacha ngoma, iwapo maji yalitoka juu au chini. Mgeni, baridi na mlango havibadiliki.

Ulinganifu wa vifaa na hadithi ya Godwin unashangaza. Huku na huku pana baridi nje na joto ndani, pana mwanamke asiye na ruhusa ya kuwepo, na pana jamii inayoona kwamba kuwepo kwake ni ziada. Lakini mizani imegeuzwa. Katika chombo cha Godwin, kumpokea mmoja ni kuwaua wengi. Katika Simbi, kumkataa mmoja ndiko kunakowaua wengi. Msimulizi wa Simbi, tena, haruhusu uhaba uwe kisingizio, kwa kuwa amekipa kijiji karamu. Ubunifu huo ni wa makusudi sawasawa na tangi la Godwin lisilo na akiba. Kila msimulizi ameijaza au kuipunguza ghala ya wahusika wake kabla ya kuwauliza swali, na mhakiki asiyechungulia ghalani hatajua jibu limetoka wapi. (Hata katika kisa cha Nyamgondho wa Gwassi, mvuvi maskini aliyemvua bibi kizee ziwani akatajirika kwa ng'ombe, ugomvi unaoleta maangamizi husimuliwa na wengi kuwa ulizuka langoni, mume akirudi amelewa. Mwambao huu una mazoea ya kuwapima watu kwa milango yao.)

Kuna hadithi ya tatu inayofaa kuingizwa hapa, nayo ndiyo inayouvuruga ulinganifu huu rahisi wa Magharibi yenye hesabu na Afrika yenye ukarimu. Ni "The Rain Came" ya Grace Ogot, iliyomo katika mkusanyiko wa Land Without Thunder (1968). Nchi imekauka, ng'ombe wanakufa, na wahenga wametoa kauli kupitia kwa mganga: mvua itanyesha endapo Oganda, binti ya mtemi Labong'o, atatolewa kafara kwa dude la ziwani. Hapa pia mmoja lazima afe ili wengi wapone. Hapa pia mwenye kutekeleza ni mtu mwema anayelia, tena ni baba mzazi. Hapa pia kuna kinaya kinachouma, kwani Oganda anaona watu wazima wakinong'ona juu yake na kudhani kwamba wanazungumzia ndoa. Ufanano na Marilyn anayengoja faini hauhitaji kuelezwa. Ogot, aliyekuwa muuguzi kwa mafunzo, hakuhitaji kubuni anga za mbali ili kuonyesha jinsi jamii inavyomwosha, kumlisha na kumsindikiza mtu inayekwenda kumuua.

Tofauti inakuja ufukoni. Osinda, mpenzi wa Oganda, amemfuata kwa siri. Anamfunika kwa majani ili macho ya wahenga yasimwone, na wawili hao wanakimbia. Kafara haikutolewa. Kisha radi inapiga na mvua inanyesha.

Ogot haongezi neno la kufafanua. Je, mvua ingenyesha vyovyote vile, na wote waliokufa kwa ajili yake tangu enzi walikufa bure? Je, wahenga waliridhika na utiifu wa baba na binti bila kuhitaji damu? Au majani yaliwahadaa? Matini inabeba masomo yote matatu. Lililo hakika ni kwamba mtu mmoja aliivunja kanuni ili aone kitakachotokea, na kilichotokea hakikuwa kile ambacho kanuni ilitabiri. Kitendo hicho kina jina katika maabara: ni jaribio. Basi hadithi inayohesabiwa kuwa ya mizimu ndiyo yenye mwenendo wa kisayansi, ilhali hadithi inayojiita ya kisayansi ina mwenendo wa ibada. Ndani ya chombo cha Godwin kanuni haijaribiwi. Inasomwa, inaombolezwa, inatimizwa. Barton ni kuhani kuliko alivyo fundi, na wenzo wake ni kisu cha madhabahuni kilichopewa umbo jipya.

Pingamizi moja lahitaji kujibiwa: kani ya uvutano si kauli ya mganga, na uzito wa msichana ungekiangusha chombo hata kama Osinda kumi wangekuwemo. Ni kweli. Lakini hilo ni kweli ndani ya milinganyo ambayo Godwin ameichagua, na hoja nzima ni kwamba milinganyo ina sehemu mbili. Moja ni ya maumbile, ambayo haibembelezwi. Ya pili ni tarakimu zilizotiwa humo na watu: kiasi cha mafuta, bei yake, idadi ya vyombo, na nani aliyestahili kukaguliwa mlangoni. Ujanja wa fani ya "The Cold Equations" ni kuzipaka tarakimu za pili rangi ya sheria za kwanza mpaka zisitofautike.

Msomaji wa Homa Bay hana haja ya kwenda Woden kuliona hilo. Mnamo mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi ziligharimu zaidi ya dola 10,000 za Marekani kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Kwa bei hiyo, hesabu ya mkoa maskini wa ziwani ilikuwa baridi kweli kweli. Wataalamu waliosema kwamba matibabu hayawezekani Afrika, na kwamba fedha zielekezwe kwenye kinga peke yake, hawakuwa wakatili wote. Wengi walisema kwa masikitiko, kama Barton. Hoja zao zilikuwa na saa zake pia: mwaka 2001 Andrew Natsios, mkuu wa shirika la misaada la Marekani, alidai hadharani kwamba Waafrika wengi hawaifuati saa kwa namna ambayo dawa hizo zinahitaji. Mwezi Februari mwaka huo huo kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Bunge la Kenya likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, iliyofungua njia ya kuagiza dawa za bei nafuu. Na kabla ya mwaka kwisha shirika hilo lilikuwa limeanza kuwapa wagonjwa dawa bila malipo katika hospitali ya wilaya ya Homa Bay. Virusi havikubadilika, wala mwili wa mgonjwa. Kilichobadilika ni tarakimu iliyokuwa ikisomwa kama maumbile.

Ushindi huo haukuwafikia wote kwa wakati. Utafiti uliofanywa Ndhiwa mwaka 2012 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi, na walioandikwa kaburini kabla ya 2001 hawakurudishwa na bei yoyote. Kwao hadithi ya Godwin ilikuwa kweli katika kila neno isipokuwa anwani yake.

Jambo hili linarudisha macho kwenye kona ya matini ambayo wahakiki wachache huitazama. Wagonjwa sita wa Woden, ambao kwa ajili yao msichana anatupwa, hawasemi lolote. Kaka yake Marilyn ana sauti ya redioni, lakini yeye ni wa kundi jingine, si mmoja wa wagonjwa. Hao sita wako upande wa pili wa mizani, na bila wao hesabu haipo. Hata hivyo Godwin hampeleki msomaji kwao, hamwonyeshi mmoja wao akinyoosha mkono kuipokea dawa na kuuliza kwa nini rubani hamtazami usoni. Msimulizi wa Simbi angalau anamwacha hai mwanamke aliyefungua mlango, akiwa ng'ambo ya maji, akitazama mahali palipokuwa kijiji chake.